Alama ya Kidole cha Bibi

Mwezi wa tano baada ya upasuaji nilikwenda Muheza kumsalimia Bibi. Nilikuwa nimepungua kilo 34. Dar es Salaam kila aliyenifahamu alinisifu, hata dereva wa bodaboda wa mtaani kwetu alinambia nimerudi usichana. Bibi hakusifu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanitazama nikivua viatu barazani.

"Mke mwenzangu," akasema, "hebu lete mguu huo."

Nilidhani ni utani wetu wa siku zote. Akaupakata mguu wangu, akaweka kidole gumba juu kidogo ya kifundo, pale penye mfupa wa muundi, akabonyeza. Alikaa hivyo kitambo. Alipoachia, alama ya kidole ilibaki, kishimo kama kile unachoacha kwenye donge la unga uliokandwa. Tulikitazama sote wawili. Hakikujaa.

"Hii naijua," Bibi akasema. Sauti haikuwa na utani tena. "Ndiyo iliyomchukua mdogo wangu."

Nilicheka, maana sikujua la kufanya. Mdogo wake Bibi alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla hajatimiza miaka mitatu, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge. Alikufa kwa njaa, au ndivyo nilivyoelewa siku zote. Mimi nilikuwa nimelipia mamilioni nikatwe tumbo kwa sababu ya shibe. Ingewezekanaje tuwe na ugonjwa mmoja?

*

Upasuaji niliofanyiwa huondoa kiasi cha robo tatu ya tumbo la chakula au zaidi kidogo, na kuacha kifuko chembamba kama ndizi. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kama hatua moja ya upasuaji mkubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wakagundua kwamba hatua hiyo peke yake inatosha kwa wagonjwa wengi, na leo ndio unaofanywa zaidi duniani. Asili ya mambo haya ni ya zamani kidogo. Mwaka 1966, katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, daktari Edward Mason alianza kuwafanyia watu wanene upasuaji wa kulipunguza tumbo na kuliunganisha na utumbo kwa njia ya mkato. Ilikwishajulikana kwamba watu waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda hukonda na kushindwa kunenepa tena. Yaliyokuwa madhara kwa mgonjwa mmoja yakageuzwa kuwa tiba kwa mwingine.

Siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali nilipewa karatasi ya chakula. Iliandikwa Kiingereza, na vyakula vyake vilikuwa vya watu wengine: jibini la aina ambayo sijawahi kuiona, samaki wa bahari za baridi, mtindi wa Kigiriki. Chini, kwa herufi nzito, palikuwa na sharti moja: protini gramu 60 hadi 80 kila siku. Hakuna aliyenifafanulia gramu 60 zinafananaje kwenye sahani, wala mimi sikuuliza. Nilikuwa na furaha mno ya kukonda.

Nyama ilinikataa tangu mwanzo. Kipande kimoja cha kuku kilikaa kifuani kama jiwe, nikakitapika. Yai lilininukia. Kilichopita bila ugomvi ni uji. Basi nikanywa uji: asubuhi kikombe, mchana nusu kikombe, jioni kikombe. Rafiki yangu akanishauri niongeze supu ya kongoro, maana inatia nguvu. Nikaongeza mchuzi wake, mweupe na mzito, na nikiupoza ulikuwa unaganda. Nywele zilipoanza kutoka kwa mafungu bafuni, niliambiwa ni kawaida kwa kila anayepungua haraka. Ni kweli, hutokea. Miguu ilipoanza kubana kwenye viatu, nilinunua viatu vingine.

Baada ya kidole cha Bibi nilirudi hospitali. Kipimo cha damu kilionyesha albumini yangu iko chini. Albumini ni protini inayotengenezwa na ini, na mojawapo ya kazi zake ni kuyashikilia maji ndani ya mishipa ya damu. Ikipungua sana, maji huvuja na kwenda kukaa kwenye nyama, hasa miguuni. Daktari alinitaka nitaje kila nilichokula juzi na jana. Akapiga hesabu. Hazikufika gramu 20 kwa siku.

"Hujala," akanambia. "Umeshiba tu."

Nilipewa vitamini, mpango mpya wa chakula, na tarehe ya kurudi. Lakini maneno ya Bibi yalikuwa hayajanitoka, kwa hiyo nikaanza kusoma.

*

Neno protini lina umri unaojulikana. Mwaka 1838 mkemia wa Uholanzi, Gerardus Mulder, alikuwa akichunguza ute wa yai, damu na maziwa, akaona kama vyote vina kitu kimoja cha msingi. Mwenzake wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, alimwandikia barua na kumpendekezea jina kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitu chenye nafasi ya kwanza. Tangu kuzaliwa kwake, basi, protini ilibebeshwa cheo. Na kila chenye cheo hupata wapambe na wapinzani.

Ugomvi wa kwanza ulikuwepo hata kabla ya jina. Paris, wakati huo, ilikuwa na maskini wengi na mifupa mingi ya kutupa. Wataalamu walijua kuchemsha mifupa mpaka itoe ute unaoganda, na supu hiyo ikagawiwa hospitalini kama mbadala wa nyama. Tume iliyoongozwa na François Magendie ikaulizwa: je, inalisha? Mbwa walilishwa ute huo peke yake, wakakonda na kufa. Ripoti ya 1841 haikuwafurahisha waliotaka kulisha maskini kwa bei ya mifupa.

Niliposoma hapo nilikumbuka kongoro yangu. Ute ule ni kolajeni iliyochemshwa. Kolajeni ni protini kweli, lakini ni protini yenye pengo. Protini zote hujengwa kwa asidi amino, na zipo tisa ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke kwenye chakula. Kolajeni haina kabisa moja ya hizo, triptofani. Ni sawa na kuletewa lori la matofali bila mfuko hata mmoja wa saruji.

Somo hilo la 1841 lilisahauliwa, na waliolisahau walilipa. Mwaka 1976 kilitoka Marekani kitabu kilichopata umaarufu mkubwa, The Last Chance Diet, kilichohimiza watu kuishi kwa kinywaji cha protini pekee. Vinywaji vya namna hiyo vilitengenezwa kwa kolajeni iliyotolewa kwenye ngozi, kano na mifupa ya ng'ombe. Kufikia mwisho wa 1977 serikali ilikuwa inachunguza vifo vya watu kadhaa wenye umri mdogo, wengi wanawake, ambao mioyo yao ilipoteza mpigo. Leo kolajeni ya unga inauzwa mitandaoni kwa ajili ya ngozi na nywele, na katika makundi yetu ya waliokatwa tumbo wapo wanaoihesabu kwenye zile gramu 60. Mimi siihesabu tena.

*

Historia inayonihusu zaidi, hata hivyo, ilipita karibu na nyumbani. Mwaka 1931 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha uchunguzi uliofanyika Kenya. Waandishi walikuwa John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland, na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa huduma za tiba katika koloni hilo. Walilinganisha Wakikuyu, waliosemekana kula nafaka na viazi, na Wamasai, waliosemekana kula maziwa, nyama na damu. Mmasai, wakaandika, ni mrefu zaidi, mzito zaidi, ana nguvu zaidi. Siri ni chakula.

Kuna ukweli ndani yake, lakini tazama kilichoachwa nje. Mwanahistoria Cynthia Brantley, alipourudia uchunguzi huo miaka mingi baadaye, alionyesha jinsi ulivyorahisisha mambo. Wanawake wa Kikuyu walikula tofauti na wanaume wao, mboga za majani zikiwemo. Zaidi ya hapo, hawa walikuwa watu ambao ardhi yao ilikuwa imechukuliwa na walowezi, na kodi ikiwasukuma wakafanye kazi za vibarua. Sahani haikujijaza mahindi yenyewe.

Babake Bibi alikuja Tanga kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, kukata mkonge. Posho ilikuwa unga. Mkonge haulimwi pamoja na kunde, na anayekata kutwa hana saa ya kuchunga ng'ombe. Nyumbani kwao ulipikwa ugali wa mahindi, na posho ilipokata, bada la muhogo. Unga wa mahindi una kiasi cha gramu 8 au 9 za protini katika kila gramu 100, na hata hizo zina upungufu wa asidi amino mbili muhimu. Muhogo una kidogo zaidi mno. Unashibisha haraka na kujenga taratibu. Mtu mzima anayekula mlima wa ugali anaweza kujikusanyia cha kumtosha. Mtoto wa miaka miwili, ambaye tumbo lake halizidi ngumi yake kwa mengi, hawezi.

Hapo ndipo nilipoweka kitabu chini. Tumbo dogo, uji mwepesi, shibe ya haraka. Daktari alikuwa amenipa tumbo la mtoto, na mimi nikalilisha chakula cha posho.

*

Aliyeupa ugonjwa huo jina tunalolijua alikuwa Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, daktari aliyefanya kazi Accra katika koloni la Gold Coast, Ghana ya leo. Mwaka 1933 aliandika juu ya watoto waliovimba miguu na mikono, ngozi ikibanduka, nywele zikipauka, na akauhusisha ugonjwa na chakula cha mahindi matupu. Wakubwa wa taaluma walimwambia hiyo ni pelagra tu. Mwaka 1935 alirudi tena katika jarida la Lancet, safari hii akitumia jina ambalo wanawake wa Accra wenyewe walilitumia kwa lugha ya Kiga: kwashiorkor. Alilieleza kuwa ni ugonjwa anaoupata mtoto aliyeng'olewa kwenye nafasi yake wakati mwingine anapozaliwa.

Kwetu tukaligeuza kuwa kwashiakoo, na wataalamu wa Kiswahili wakatupa unyafuzi. Lakini kabla ya yote hayo Waswahili walikuwa na neno lao, kubemenda. Mtoto anayenyonya akidhoofika, akachelewa kutembea, akavimba, husemwa amebemendwa: wazazi wake wamekutana kimwili kabla ya wakati, au mmoja wao ametoka nje. Ukiyaweka maneno mawili pamoja, la Accra na la Tanga, utaona watu waliona jambo lile lile. Mimba mpya inakuja, ziwa linaondolewa, mtoto anaangukia kwenye uji. Tofauti ni kwamba jina la Kiga lilitaja mfuatano wa mambo, na neno letu likatafuta mkosaji.

Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyeanza kazi Kenya mwaka 1929 na kuhamia Uganda mwaka 1935, naye kwa miaka mingi aliamini ni pelagra ya watoto. Alibadili mawazo, na mwaka 1954 yeye na wenzake wawili waliofanya kazi Kampala, Davies na Dean, walichapisha kitabu kizima kiitwacho Kwashiorkor. Sasa dunia nzima ilisikia. Umoja wa Mataifa uliunda kamati ya ushauri wa protini mwaka 1955. Unga wa maziwa yaliyoondolewa siagi, uliozidi mahitaji katika nchi tajiri, ukapakiwa melini kuja kwetu. Mwaka 1968 ripoti ya Umoja huo ilionya kwamba dunia inakabiliwa na janga la protini.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1974 Donald McLaren, daktari ambaye huko nyuma alichunguza magonjwa ya macho yatokanayo na lishe katika majimbo ya Ziwa na Kati ya Tanganyika, aliandika katika Lancet makala kali aliyoiita The Great Protein Fiasco. Hoja yake ilikuwa kwamba watoto wengi hawakosi protini peke yake. Wanakosa chakula, na fedha nyingi zimepotea zikifukuza unga wa miujiza. Mwili uliokosa kuni huchoma nguzo za nyumba: hata protini kidogo iliyopo huteketezwa kwa ajili ya joto na nguvu. Hata leo wanasayansi hawajakubaliana juu ya kila chanzo cha kwashiakoo. Uchunguzi wa mapacha wa Malawi uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusisha hata bakteria wa tumboni, kwa kuwa pacha mmoja huweza kuugua na mwenzake akabaki salama, sufuria ikiwa moja.

Mwaka huo huo wa 1974, upande wa pili wa dunia, jarida la New England Journal of Medicine lilitoa habari za Wamarekani wanene waliorukishwa sehemu kubwa ya utumbo mdogo ili wapungue. Baadhi waliharibika ini. Madaktari waliwapima, wakakuta upungufu wa protini, na mfano waliouona ulikuwa ule wa watoto wenye kwashiakoo. Upasuaji wa aina hiyo uliachwa hatimaye, lakini tahadhari ilibaki: kila mpango wa chakula baada ya kukatwa tumbo huanza na protini. Zile gramu 60 kwenye karatasi yangu zilikuwa na ukoo. Mmoja wa mababu zake alikuwa mtoto aliyevimba miguu, barani Afrika, ambaye hakuna aliyemuuliza jina.

*

Nilirudi Muheza na mzani mdogo wa jikoni na daftari. Bibi aliucheka mzani. Hata hivyo tulikaa naye jikoni tukapima. Yai moja, gramu 6. Glasi ya maziwa, gramu 8. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Bibi akawakaanga dagaa kavu kwenye chungu, akawaondoa vichwa, akawatwanga mpaka wakawa unga, akaupepeta. Kijiko kimoja kwenye kunde zilizopondwa zikalainika kama kitoweo cha mtoto, kwa tui jepesi. Nilikula vijiko vinne, taratibu, nikasubiri jiwe kifuani. Halikuja.

"Haya ndiyo ya kumwachishia mtoto ziwa," alisema. "Ukiwa nayo."

Hapo nikamweleza niliyoyasoma. Kwamba ugonjwa uliomchukua mdogo wake una jina, na ulikuwa katika kambi nyingi, na makoloni mengi. Kwamba posho ya unga na bada visingeweza kumkuza mtoto aliyeachishwa ziwa, hata angekula mpaka atapike. Niliyasema kama mtu anayesoma ripoti. Bibi aliendelea kupepeta.

Kisha akanisimulia jambo ambalo nadhani mama yangu mwenyewe halijui. Mdogo wake alipovimba, mama yao alikuwa na mimba nyingine. Ndugu za mumewe walikuja, wakamkalisha chini, wakamwambia amembemenda mtoto. Alipewa dawa za kumwogesha. Mtoto alipokufa, hakuna aliyempa pole bila kumtazama tumbo. Aliishi miaka arobaini baada ya hapo, akazaa wengine, akalea wajukuu, na hakuwahi kulitamka jina la yule mtoto mbele ya watu.

Ungo ukatulia.

"Kwa hiyo," Bibi akauliza, "mama hakuwa na kosa?"

Ningeweza kumwambia habari za mapacha wa Malawi na mabishano ya 1974. Nilimjibu, "Hakuwa na kosa, Bibi." Kwa hilo sihitaji jarida lolote. Muda baina ya watoto una umuhimu, na waliotunga lile neno waliona kweli. Lakini si mama aliyepanga posho iwe unga mtupu. Si yeye aliyeamua kwamba ardhi nzuri ya Muheza iote katani badala ya kunde.

Bibi alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akarudi kwenye dagaa wake.

Nimeandika haya nikiwa mwezi wa kumi na nne. Nywele zimerudi, nyembamba kidogo kuliko za awali. Kuku bado ananisumbua, samaki tumepatana. Daftari langu lina siku za gramu 65 na siku za 50, na tarehe za kupima damu ambazo siziruki tena. Kwenye makundi yetu, mgeni akiuliza anywe unga gani wa bei gani, humwambia kwanza asome kilichomo ndani, kisha namwelekeza kwa mwenye dagaa.

Kila Ijumaa baada ya adhuhuri Bibi hupiga simu. Haulizi kilo.

"Umebonyeza?"

Huinama nikabonyeza muundi, nikahesabu, nikaachia.

"Imejaa, Bibi."

"Haya. Kale kunde."

Wiki iliyopita, kabla hajakata simu, alilitaja jina la mdogo wake. Alikuwa anaitwa Juma.